Ramani za Watabiri na Mahali pa Kukimbilia

Leo tuzungumze juu ya watu wanaosema wameiona kesho: ardhi ikipasuka, bahari ikimeza miji, milima ikilipuka. Na tuzungumze juu ya swali ambalo haliachi kufuata utabiri wa namna hiyo: basi sisi tukimbilie wapi?

Nianzie Japani. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 2025, saa kumi na dakika kumi na nane alfajiri, ilikuwa imengojwa kwa hofu na watu wa nchi kadhaa za Asia. Chanzo chake kilikuwa kitabu cha vibonzo. Mchoraji mmoja wa Kijapani, Ryo Tatsuki, alikuwa na desturi ya kuandika ndoto zake, na mwaka 1999 akazichapisha katika kitabu cha michoro. Kwenye jalada aliandika kwamba kutakuwa na janga kubwa mwezi Machi mwaka 2011. Kitabu hakikuvuma, kikaacha kuchapwa, kikasahauliwa. Kisha ikaja tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 likaitikisa pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, bahari ikapanda nchi kavu, na karibu watu 20,000 wakafa au wasionekane tena. Mtu akalikumbuka lile jalada, na nakala chache zilizosalia zikaanza kutafutwa kwa bei ya juu.

Mwaka 2021 kitabu kikatolewa upya, na safari hii kikiwa na ndoto nyingine: Julai 2025, sakafu ya bahari kati ya Japani na Ufilipino itapasuka, na mawimbi yatakuwa makubwa mara tatu kuliko yale ya 2011. Nakala ziliuzwa kwa mamia ya maelfu. Huko Hong Kong watu wakafuta safari za mapumziko, na mashirika ya ndege yakapunguza safari za kwenda Japani kwa kukosa abiria. Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Japani akalazimika kutoka hadharani kusema kwamba hakuna sayansi duniani inayoweza kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko lijalo, kwa hiyo uvumi ule ni uongo na watu wasiyumbishwe nao. Tatsuki mwenyewe alieleza kabla ya siku hiyo kwamba yeye si nabii.

Lakini hofu ilikuwa imekwisha kupata miguu. Ikaongezwa nguvu na jambo la kweli: tangu mwishoni mwa Juni, visiwa vidogo vya Tokara, kusini mwa Japani, vilikuwa vinatikisika mchana na usiku, zaidi ya mara elfu moja katika majuma mawili, hata baadhi ya wakazi wa kisiwa cha Akuseki wakahamishwa kwa boti kwenda Kagoshima. Watu wale walikuwa hawalali. Nawaonea huruma hasa wao, maana juu ya ardhi isiyotulia waliongezewa na tarehe.

Jumamosi ikafika, ikapita. Tarehe 30 mwezi uleule, tetemeko la ukubwa wa 8.8 likatokea mbali kaskazini, kwenye rasi ya Kamchatka nchini Urusi. Japani ikawataka watu wapatao milioni mbili wa pwani waende mahali pa juu. Wimbi kubwa kabisa lililopimwa nchini humo lilizidi mita moja kwa kiasi kidogo tu. Na hapo wakatokea watu wakisema: mwaona? Ndoto ilikuwa kweli!

Hapa nawaomba tusimame kidogo, maana ndipo utabiri unapopatia maisha yake marefu. Ndoto ilisema kusini, tetemeko likawa kaskazini. Ilisema mawimbi mara tatu ya yale ya 2011, yakaja yasiyomfika mtu mzima shingoni. Hata hivyo yakahesabiwa kuwa yamelenga. Japani hupata karibu moja ya tano ya matetemeko yote makubwa ya dunia, na kila mwaka yale yanayohisiwa na watu huzidi elfu moja. Mtu akiota janga la tetemeko Japani na kulitajia mwezi, ardhi yenyewe itamsaidia. Na ndoto zile ambazo hazikutimia hazina mtu wa kuzikumbuka; zilikwisha zikatupwa.

Sasa hili la kutafuta nchi ya usalama lina historia yake, na kwa sehemu kubwa historia hiyo ni ya Marekani. Mwanzo wake mkubwa ni mtu mmoja, Edgar Cayce, aliyezaliwa mwaka 1877 mashambani Kentucky, karibu na mji wa Hopkinsville. Hakusoma sana. Alifanya kazi ya kupiga picha, akafundisha watoto Biblia siku za Jumapili. Utabiri wake ulikuwa na utaratibu usiobadilika. Alilegeza tai na kamba za viatu, akalala chali juu ya kochi, akatulia mpaka pumzi ikashuka kama ya mtu aliyelala. Mkewe, Gertrude, alimwuliza maswali kwa sauti ya chini, naye akajibu huku amefumba macho. Pembeni aliketi katibu, Gladys Davis, akiyaandika yote kwa hatimkato. Zimehifadhiwa kumbukumbu zaidi ya 14,000 za vikao vile. Nyingi zinahusu maradhi, kwa sababu waliomwendea wengi walikuwa wagonjwa waliokata tamaa.

Ila mwaka 1934 alisema mambo mengine. Kwamba kati ya mwaka 1958 na 1998 dunia itabadilika sura: upande wa magharibi wa Marekani utavunjika, sehemu kubwa ya Japani itaingia baharini, kaskazini mwa Ulaya kutageuka kufumba na kufumbua. Baadaye alisema kipande cha bara la kale la Atlantis kitaibuka tena mwaka 1968 au 1969. Na mwaka 1941, alipoulizwa na mtu aliyetaka kujua mahali pa kuishi, akataja miji itakayoangamia, New York ikiwemo, kisha akataja nchi za usalama: sehemu za Ohio, Indiana na Illinois, kusini na mashariki mwa Kanada, na eneo la Norfolk na Virginia Beach, huko huko alikokuwa amehamia mwaka 1925 kwa kufuata maono yake mwenyewe.

Alifariki Januari 1945. Mwaka 1998 ukaja na kupita, na Japani ipo. California imetikiswa mara kadhaa, mwaka 1971, 1989 na 1994, na watu wamekufa, lakini haikuzama wala haiwezi kuzama kwa namna ile. Ule ufa mrefu wa San Andreas una pande mbili zinazoteleza kandokando, upande wa bahari ukienda kaskazini magharibi, kiasi cha sentimita 5 hivi kwa mwaka kati ya mabamba yale mawili. Hakuna shimo linalongoja kuimeza Los Angeles.

Na hiyo nchi ya usalama je? Hili ndilo lililonifanya nitake kuzungumza nanyi leo. Eneo la Norfolk na Virginia Beach ni miongoni mwa sehemu za pwani ya mashariki ya Marekani ambako maji ya bahari yanapanda kwa kasi kubwa kuliko kwingine, ukipima dhidi ya nchi kavu. Bahari inapanda, na ardhi nayo inashuka: kwa sehemu kwa sababu maji ya chini ya ardhi yamevutwa miaka mingi na viwanda na miji, na kwa sehemu kwa sababu bara lile bado linajiweka sawa tangu barafu kuu za kale zilipoyeyuka. Norfolk siku hizi maji hujaa barabarani wakati wa bamvua hata kama mvua haijanyesha, na magari yakakwama katika maji ya chumvi. Hapo ndipo mtabiri alipowaambia watu wahamie. Sisemi haya kumsimanga marehemu, wala sina shaka kwamba wengi waliomfuata walikuwa watu wema waliotaka kuwaokoa watoto wao. Nasema kwa kuwa hatari ya kweli ya mahali pale ilikuwa ya polepole, ya milimita kwa mwaka, na hakuna usingizi uliomwonyesha.

Baada ya Cayce wakaja wengine, na miaka ya 1980 na 1990 ramani zikawa bidhaa. Gordon-Michael Scallion alichora ramani ya Marekani ya miaka ya 1998 hadi 2001, sehemu kubwa ya magharibi yake imekuwa bahari na California imebaki visiwa. Lori Toye naye alikuwa na ramani yake. Watu walizinunua, wakazitandaza mezani, wakatafuta kijiji chao kwa kidole. Huko Montana, mwaka 1990, wafuasi wa Elizabeth Clare Prophet walichimba mahandaki makubwa kando ya Hifadhi ya Yellowstone, wakiogopa vita ya nyuklia aliyoitabiri. Wapo waliouza nyumba na kuacha kazi. Vita haikuja. Kilichotokea ni kwamba matangi ya mafuta waliyozika ardhini yalivuja. Na Yellowstone yenyewe imekaa juu ya volkano kubwa kabisa.

Najua wapo wanaonisikiliza sasa na kusema, hayo ni ya Wamarekani na Wajapani. Haya, na sisi? Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea Suswa, katika kaunti ya Narok nchini Kenya, ukaikata barabara ya kutoka Mai Mahiu. Picha zilizunguka dunia nzima, na simu zetu zikajaa sauti za watu wakisema Afrika inapasuka, na wengine wakisema ni dalili za siku za mwisho. Wanajiolojia wakaeleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyojaa kwenye mifereji ya zamani ya chini. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka. Linapanuka kwa milimita chache kwa mwaka, na bahari mpya ikija, itakuja baada ya mamilioni ya miaka. Lakini habari ya milimita chache haikusambazwa usiku wa manane kwa sauti ya kutetemeka.

Simlaumu anayeogopa. Mtu anayekaa juu ya ardhi inayotikisika anataka kuambiwa vitu viwili: lini, na wapi pa kwenda. Mtabiri anampa vyote viwili. Mwanasayansi hana hata kimoja kwa ukamilifu, na hiyo ndiyo shida yake mbele ya wasikilizaji. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kamati ya serikali ya Japani ilisema uwezekano wa tetemeko kuu kwenye bonde la Nankai chini ya bahari katika miaka 30 ijayo ni asilimia 80 hivi, na baadaye serikali ikatoa makadirio kwamba hali ikiwa mbaya kabisa vifo vinaweza kukaribia 300,000. Hilo ni onyo zito kuliko ndoto yoyote. Lakini miaka 30 haimfanyi mtu afute tiketi ya ndege. Jumamosi alfajiri inamfanya.

Na kuna jambo gumu zaidi, ambalo wanaowatetea wanasayansi hawapendi kulisema: hata ramani ya wataalamu inaweza kumdanganya anayeitegemea kupita kiasi. Turudi siku ile ya Machi 2011.

Katika mji wa Kamaishi, mtaa wa Unosumai, kulikuwa na shule mbili jirani, ya msingi na ya sekondari ya chini, karibu na bahari. Ramani rasmi ya hatari ilizionyesha nje ya eneo litakalofikiwa na maji. Lakini kwa miaka kadhaa profesa mmoja, Toshitaka Katada, alikuwa akiwafundisha watoto wa mji ule wasiiamini ramani: bahari haijaisoma. Tetemeko lilipotulia, wanafunzi wa sekondari hawakungoja amri, wakatoka mbio. Wadogo wa shule ya msingi walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona wakubwa wao wakikimbia, wakashuka nao wakafuata. Wakafika kwenye nyumba ya wazee iliyopangwa kuwa kituo cha kukusanyikia. Wakaona jabali la nyuma yake linaporomoka. Wakasema hapa hapafai, wakapanda tena juu zaidi, wakubwa wamewashika wadogo mikono, na watu wazima wa mtaa waliowaona wakaungana nao. Kisha wakapanda tena. Shule zao zilifunikwa na maji, na ile nyumba ya wazee nayo ikafikiwa. Wao waliishi. Katika mji wote, wanafunzi karibu 3,000 walinusurika, wote waliokuwa chini ya uangalizi wa shule siku ile.

Kusini yake, katika Ishinomaki, Shule ya Msingi ya Okawa ilikuwa kando ya mto, kilomita kama nne kutoka baharini. Nayo ramani iliiweka nje ya hatari. Tena ilikuwa imetajwa kuwa mahali pa kukimbilia. Watoto walitolewa uwanjani wakapangwa. Wakakaa pale karibu dakika 50, walimu wakijadiliana waende wapi, na nyuma ya shule kuna kilima ambacho watoto walikuwa wamekizoea. Maji yalipanda na mto. Wanafunzi 74 na walimu 10 walikufa au hawakuonekana tena. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikaiacha hukumu iliyowapa ushindi isimame: shule na mji walipaswa kujiandaa kabla, hata kwa hatari ambayo ramani haikuionyesha.

Kila nikiyalinganisha mambo haya mawili naona kitu kimoja. Mtu akishaambiwa yuko mahali salama, macho yake huacha kutazama. Haijalishi aliyemwambia alikuwa amelala kwenye kochi au alikuwa na kompyuta. Wale watoto wa Unosumai walibaki wakitazama, ndiyo maana waliliona jabali.

Sisi wa Bahari ya Hindi tuna mfano wetu. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na wimbi kubwa mwaka 1907. Walionusurika wakawasimulia wajukuu, wakayaweka katika nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikijivuta, acha kila kitu, panda mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 kilikuwa miongoni mwa visiwa vilivyokuwa karibu kabisa na tetemeko kubwa la siku ile, na wimbi la kwanza lilifika katika dakika chache. Hakukuwa na king'ora wala simu. Kati ya watu wapatao 78,000, walikufa saba. Ng'ambo yake, katika sehemu nyingine za Aceh, walikufa zaidi ya laki moja na nusu.

Wimbi lilelile lilisafiri saa kadhaa likafika kwetu. Somalia lilipiga Hafun na vijiji vya jirani, wakafa watu karibu 300. Tanzania lilichukua watu kadhaa waliokuwa wakiogelea. Kenya alikufa mmoja, na mchana ule askari wa Mombasa waliwaondoa watu ufukweni kwa sababu habari ilikuwa imetangulia maji. Saa zile kadhaa zilikuwa nafasi kubwa mno, na katika sehemu nyingi za pwani yetu hazikutumika. Mvuvi wa Kilwa au wa Lamu anajua saa za maji kupwa na kujaa, anajua bamvua na maji mafu bila kutazama karatasi. Akiona bahari inakupwa kwa saa isiyo yake, samaki wakirukaruka juu ya mchanga mtupu, hiyo si siku ya kuokota samaki. Hilo linaweza kufundishwa darasa la tatu, na sioni kwa nini halifundishwi kila shule ya pwani.

Nimalizie Goma, kwa ndugu zetu wanaoishi chini ya Nyiragongo. Mlima ule umemwaga moto wake mwaka 1977, mwaka 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Safari ile ya mwisho wengi waliona anga limekuwa jekundu kabla hawajasikia tangazo lolote. Wapo wataalamu pale Goma ambao kazi yao ni kuusikiliza mlima, lakini ufadhili wao ulikuwa umekatika mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa takwimu za mitambo hazikuweza kupokelewa inavyotakiwa. Siku tano baadaye likatolewa agizo la kuhama, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka, wengine njia ya Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, magodoro kichwani. Mwezi Juni wakarudi.

Wakarudi, maana mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza na makaa katika soko la Goma hana ramani ya kununua wala shamba Ohio. Maisha yake yako pale, juu ya mawe meusi yaliyowahi kuwa moto. Anachohitaji ni mitambo inayofanya kazi mwaka mzima na mshahara wa anayeisoma, barabara ya Sake inayopitika, mpaka unaofunguliwa kabla ya vurugu, na sauti inayomwambia mapema, kwa Kiswahili chake, mlima uko katika hali gani leo. Hayo ya mitambo na barabara ni ya serikali na wafadhili. Hilo la sauti ni letu sisi wa redio, na jioni ile ya Mei lilichelewa.